Hewa ndiyo uhai wa 'chai' ya mboji, ila haitoshi peke yake

WAKULIMA wengi nchini wanaijua chai ya samadi. Gunia lenye kinyesi cha mifugo huning'inizwa ndani ya pipa la maji, hukorogwa mara kwa mara kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kisha maji yake hunyunyiziwa mimea ili kuipa virutubisho.

Mbinu nyingine inayokaribiana na hiyo ni chai ya mboji iliyotiwa hewa. Hii hutengenezwa kwa siku moja au siku moja na nusu tu, na lengo lake kuu si virutubisho, bali ni kuongeza vijidudu vyenye manufaa kama vile bakteria na kuvu wanaoishi katika mboji iliyoiva.

Miongoni mwa walioieneza mbinu hiyo ni Dkt Elaine Ingham, mtaalamu wa viumbe vya udongoni kutoka Marekani.

Msingi wake ni rahisi. Vijidudu vinapopata chakula na unyevu huzaana kwa kasi na kuitumia oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikiisha, vinavyoihitaji hufa au hulala, na nafasi yao huchukuliwa na vile vinavyoishi bila hewa. Hapo ndipo maji huanza kunuka kama mayai yaliyooza, na huweza kuwa na asidi na vileo vinavyodhuru mizizi.

Ndiyo sababu hewa huingizwa majini mfululizo. Pampu ndogo kama ile inayotumiwa katika matangi ya samaki wa mapambo hutosha ndoo ya lita 20, mradi mapovu yatoke chini kabisa na kuyatikisa maji yote.

Joto nalo lina athari. Maji yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, lakini yakifika nyuzijoto 30 hubeba karibu miligramu 7.5 pekee. Kwa hivyo, mkulima wa Kilifi au Kisumu anahitaji kuweka ndoo yake kivulini na kuwa mwangalifu zaidi kuliko yule wa Kinangop.

Kutengeneza

Kilo mbili za mboji iliyoiva, yenye harufu ya udongo wa msituni, hutiwa katika mfuko wa kitambaa chepesi na kutumbukizwa katika lita 20 za maji. Maji ya mvua yanafaa. Yale ya mfereji yaliyotiwa klorini huachwa wazi kwa siku nzima kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huua vijidudu.

Baada ya saa 24 hadi 36, chai huchujwa na kutumiwa mara moja. Pampu ikizimwa, oksijeni huanza kupungua, hivyo chai haifai kuwekwa hadi kesho yake. Hunyunyizwa asubuhi na mapema au jioni, maadamu jua kali huua vijidudu hivyo.

Asiye na umeme anaweza kukoroga kwa mti, lakini hewa inayoingia hivyo haidumu, na ni vigumu kukoroga usiku kucha. Ni afadhali aloweke mboji kwa muda mfupi, aikoroge vyema, kisha aitumie papo hapo.

Hatari

Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba chai yenye hewa ya kutosha haiwezi kuwa na viini vya maradhi. Hilo si kweli. Bakteria wa E. coli na Salmonella wanaweza kuishi penye hewa na pasipo hewa.

Mwaka wa 2004, jopo lililoundwa na bodi ya viwango vya kilimo-hai nchini Marekani lilionya kuwa vyakula vya vijidudu kama molasi vinaweza kuwastawisha bakteria hao. Sukari inayotiwa ili kuwalisha vijidudu wazuri huwalisha wabaya pia, iwapo walikuwemo katika mboji.

Kinga basi huanzia katika lundo la mboji. Lundo linapaswa kufikia nyuzijoto 55 au zaidi kwa siku kadhaa na kupinduliwa mara kwa mara, ili hata sehemu za nje zipate joto hilo. Samadi mbichi haifai kabisa. Isitoshe, ni busara kuepuka molasi, na kutonyunyizia chai hiyo mboga zinazoliwa bila kupikwa, kama vile dania, letusi na nyanya za kachumbari, zinapokaribia kuvunwa.

Mazao

Kuhusu kuzuia magonjwa ya mimea, matokeo ya utafiti yanatofautiana. Mwaka huo wa 2004, Steven Scheuerell na Walter Mahaffee walichapisha majaribio waliyofanya jimboni Oregon kuhusu ugonjwa unaoozesha miche ya matango. Chai iliyotiwa hewa pamoja na mwani na asidi za mboji ndiyo iliyozuia ugonjwa kwa uthabiti zaidi. Ile iliyotiwa mchanganyiko wenye molasi haikutegemewa.

Aidha, chai hii haiwezi kuchukua nafasi ya mbolea. Bei ya mbolea ya DAP ilipopita Sh6,000 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2022, mkulima angeweza kushawishika kufikiri hivyo.

Tani moja ya mahindi, yaani magunia 11 hivi ya kilo 90, huondoka shambani na takriban kilo 15 za nitrojeni. Kilo mbili za mboji nzuri zina gramu 40 hivi za nitrojeni. Hata yote ingeingia majini, mkulima angehitaji ndoo 375 ili kurejesha kilichoondoka.

Kwa mkulima mwenye mboji kidogo, chai inafaa kujaribiwa kwanza kitaluni, kwa kunyunyizia nusu ya miche na kuacha nusu nyingine ili alinganishe. Mwenye mboji nyingi atafaidi zaidi akiitia yenyewe shambani, kwani huongeza virutubisho, huhifadhi unyevu na huwapa vijidudu makao ya kudumu.