Ozette: kijiji kilichohifadhiwa na tope

Shemeji yangu anayeishi Tacoma, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania kabla ya kupelekwa Marekani, ndiye aliyenipeleka Ozette, pwani ya jimbo la Washington. Kutoka ziwani hadi rasi ya Alava ni kilomita 5 ndani ya msitu wa mierezi, sehemu kubwa juu ya mbao zilizotandikwa. Zikilowa zinateleza kama mlenda. Viatu vya soli ngumu viacheni nyumbani.

Tuliondoka na jua. Bahari tuliisikia kabla ya kuiona, na tulipotoka msituni hatukuona hatua hamsini mbele. Ndivyo kiangazi cha huko kilivyo: hewa yenye unyevu hupita juu ya maji baridi ikageuka ukungu.

Hapo ndipo palipokuwa kijiji cha Wamakah, wawindaji wa nyangumi. Miaka 300 hivi au zaidi iliyopita tope liliporomoka likafukia nyumba kadhaa na vyote vilivyokuwemo. Maisha yaliendelea kijijini mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ilipolazimisha watoto wapelekwe shule Neah Bay. Wazazi wakawafuata. Kijiji kikawa pori.

Wasomaji waliorudi kutoka Kigoma na kukuta mwingine analima shamba lao wanalijua swali linalofuata: ardhi iliyohamwa ni ya nani? Mwaka 1970 sheria ya Marekani iliiweka Ozette kwa ajili ya Wamakah. Mwaka huohuo dhoruba ilimomonyoa ukingo, mbao za nyumba zikajitokeza. Wamakah wakamwita Richard Daugherty, mtaalamu wa mambo ya kale. Uchimbaji uliendelea miaka 11, vikapatikana vitu zaidi ya 55,000: vikapu, ndoana, masanduku ya mbao. Tope lilizuia hewa, havikuoza.

Lililonifurahisha zaidi, havikuhamishiwa mji wa mbali. Wenyewe walisisitiza vibaki kwao, wakafungua jumba la makumbusho Neah Bay mwaka 1979.

Kwenda kusini kuona michoro ya nyangumi kwenye miamba, tulisubiri maji yapwe kama wachuuzi wanaosubiri kizuizi kifunguliwe Kobero. Shemeji alikaa kwenye gogo, kimya. Kisha akaniuliza:

"Shemeji, karatasi za shamba la mzee kule Rumonge bado zipo?"

Nikamwambia zipo, kwa kaka yake mkubwa.