Mtaa na shule: Walezi wawili wa mtoto

Siku moja katika miaka ya 1940, Bibi Soledad Vidaurri alikwenda shuleni mjini Westminster, California, kuwaandikisha wanawe pamoja na watoto wa kaka yake, Gonzalo Mendez. Wanawe, weupe wa rangi na wenye jina la ukoo lililosikika kama la Kifaransa, walikubaliwa. Wale wa Mendez waliambiwa waende shule ya Wameksiko, kijumba cha mbao kando ya malisho ya ng'ombe. Mama yule aliondoka na watoto wote.

Mwaka 1945 Mendez na wazazi wengine wanne walifungua kesi. Wakuu wa shule walijitetea kwamba watoto hao hawajui Kiingereza. Mwaka uliofuata Jaji Paul McCormick aliona kinyume chake: mtoto anayetengwa na wanaozungumza lugha hiyo ndiye anayechelewa kuijua. Mahakama ya rufaa iliiunga mkono hukumu hiyo mwaka 1947.

Ubaguzi ule uliondoka, lakini mitaa imebaki. Hata leo watoto wengi wa Kilatino, yaani wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini, husoma pamoja na wenzao wa hali moja, katika mitaa ya kipato cha chini. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za shule za Marekani hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za eneo husika, unyonge wa mtaa huingia hadi darasani.

Hata hivyo, mtaa maskini si mtaa mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Tucson, Arizona, mtafiti Luis Moll na wenzake walishirikiana na walimu kuzitembelea nyumba za wanafunzi wenye asili ya Meksiko. Walikuta elimu ya kilimo, ujenzi, biashara na tiba za mitishamba. Mwalimu mmoja, alipogundua kuwa mwanafunzi wake huuza peremende za Meksiko, alizifanya kuwa somo la darasa zima, na mzazi mmoja akaja kuonyesha namna zinavyotengenezwa. Mzazi aliyezoea kuitwa shuleni kwa lawama, safari hii aliitwa kufundisha.

Suratur-Rum inatukumbusha kuwa tofauti za lugha na rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Basi ndugu mzazi, usiione haya lugha ya nyumbani kwako, wala usidhani ufundi wako hauna nafasi shuleni. Mwendee mwalimu wa mwanao kabla hujaitwa, umweleze mtoto anajua nini. Nawe mwalimu, bisha hodi nyumbani kwa mwanafunzi wako. Mtoto anayeona walezi wake wakizungumza, hujua kuwa mambo yake yana wenyewe.