Komite ya Maji Inakabidhi Kazi: Wamama Tuulize Nini?



Siku hizi katika vijiji vya milima yetu ya Kivu tunasikia sana neno makabidhiano. Komite ya maji iliyoundwa zamani na mradi inaambiwa iache kazi, na mahali pake kiingie chama kipya cha watumiaji wa maji, kinachotambuliwa na sheferi ama sekta. Wengine wanafurahi, wengine wananung'unika. Sisi hatuwezi kukaa kimya, kwa sababu robine ikikauka ni sisi na mabinti zetu tunaoshuka mtoni na bidoni mgongoni. Tena kolera haijatoka katika eneo letu la maziwa tangu miaka ya 1970.

Mambo haya yametoka wapi?

Kwa miaka mingi maji ya mabomba yalikuwa kazi ya Regideso, iliyoanzishwa mwaka 1939, lakini Regideso ilikaa zaidi mijini. Vijijini, hasa wakati wa vita na baadaye, mabomba mengi yalijengwa na mashirika ya misaada na makanisa. Sisi tulitoa salongo: tulibeba mawe na mchanga, tulichimba mifereji. Mradi uliunda komite yenye prezida, katibu, mtunza feza na fundi. Kisha mradi ukaisha, gari likaondoka, komite ikabaki na mabomba yasiyo na karatasi.

Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 ilibadilisha mambo. Regideso haiko tena peke yake, na huduma ya maji imewekwa mikononi mwa majimbo na maeneo yenye kujitawala, yaani miji, komine, sekta na sheferi. Angalieni vizuri: kijiji na grupema havimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo komite ya kijiji haiwezi kusema mabomba ni yake, na sheferi nayo haipaswi kuyageuza kuwa duka lake. Kazi ya kila siku inaweza kupewa chama, kwa mkataba.

Kule Kinshasa na Mbuji-Mayi kuna vyama vya namna hiyo vinavyoitwa ASUREP. Watumiaji wana mkutano mkuu, mkutano unachagua baraza, na kuna kikundi kidogo cha wafanyakazi wanaolipwa. Anayeamua siye anayeshika feza kila siku. Jambo hilo ndilo la kuiga.

Tufanye hesabu kidogo

Kwetu maji mengi yanashuka yenyewe toka chemchemi hadi tanki, toka tanki hadi robine. Hatununui mazutu ya pampu. Lakini hayashuki bure. Sisi walimu tuwape mfano wa ubaoni. Kijiji kina jamaa 300, kila jamaa inatoa franka 1.000 kwa mwezi: ni franka 300.000. Fundi na mlinzi wa chemchemi wanapata 60.000 kila mmoja, matengenezo madogo 30.000. Zinabaki 150.000, na kwa mwaka mzima 1.800.000. Sasa jamaa 100 zikikataa kulipa, akiba ya mwaka inashuka hadi 600.000. Udongo ukiporomoka na kukata bomba kubwa, akiba hiyo itatosha?

Kuna wanaosema: "Maji ni ya Mungu." Ni kweli. Lakini bomba lilinunuliwa dukani. Wengine hawalipi kwa sababu hawajaona kaye ya feza hata siku moja, na hao hatuwezi kuwalaumu.

Makabidhiano ya haraka

Katika kijiji kimoja wanamokaa wanachama wetu, makabidhiano yalifanyika asubuhi moja. Hotuba, sahihi, soda, watu wakaenda. Hakuna aliyehesabu funguo wala kufungua kaye. Miezi mitatu baadaye robine za chini zikakauka. Fundi mpya alichimba huku na huku bila kupata vane, kwani ilikuwa imefunikwa na udongo ndani ya shamba la migomba. Aliyejua mahali ni fundi wa zamani, naye alikuwa anadai mishahara ya miezi saba. Komite ya zamani ilisema deni si lake tena, chama kipya kilisema deni si lake bado. Wamama walichota mtoni majuma mawili. Mwishoni kikundi chao cha AVEC kilikopesha chama feza, mzee akalipwa sehemu, akaonyesha vane, na katibu akachora ramani.

Maswali ya kuuliza kabla ya sahihi

Mali: je, kuna orodha ya chemchemi, matanki, vane, robine, funguo na vyombo? Watu watembee na fundi wa zamani toka chemchemi hadi robine ya mwisho, wakiandika.

Feza: kese ina kiasi gani? Nani anadaiwa, nani anadai? Deni la zamani litalipwa na nani?

Shamba la chemchemi: mwenye shamba ameandikiana na nani? Nani atazuia watu kulima juu ya chemchemi?

Mkataba na sheferi: ni wa miaka mingapi? Ofisi ya mwami itachukua kiasi gani? Nani anapanga bei? Bomba kubwa likivunjika, nani analipa?

Wasio na uwezo: wajane, wazee na waliokimbia vita watachota namna gani? Shule na kituo cha afya vitalipiwa na nani? Tukisahau swali hili, wanafunzi watatumwa mtoni saa ya masomo.

Viti: Katiba, katika kifungu cha 14, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya usawa zinatupa haki ya kukaa pale maamuzi yanapokatwa. Mara nyingi tunapewa kufagia kando ya robine, ama kutunza feza kwa sababu "mama haibi". Tuchukue kaye, ndiyo, lakini tuombe pia kiti cha prezida, na mabinti wafundishwe kazi ya fundi.

Mkutano ukiitishwa saa ya shamba ama siku ya soko, tuombe saa ibadilishwe. Tusimtume baba wa nyumba peke yake. Twende wawili wawili, na karatasi hii mkononi, na yule anayejua kusoma amsomee mwenzake. Sahihi ije baada ya majibu.