Jokofu Likipiga Kengele

Jokofu la nyumbani likipiga kengele, usikimbilie kuizima. Tazama mlango kwanza. Mara nyingi sufuria ya maziwa imeuzuia usifunge. Kisha angalia umeme na mpira wa mlango. Umeme ukikatika usifungue ovyo: ubaridi hudumu kama saa 4.

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi. Insulini ya akiba hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Watu huogopa joto tu, kumbe ikiganda, hata ikiyeyuka tena, haifai kabisa. Isiwekwe karibu na barafu. Chupa inayotumika kwa kawaida huvumilia nyuzi 25 kwa wiki 4, na hapa Ngaramtoni, chini ya Meru, mwezi Julai ni nadra kufika huko. Ukiwa na shaka usikatishe sindano; lete chupa zahanati siku hiyohiyo.