Mbwa aliyefungwa uzazi asipewe tembe zako

UMEMRUDISHA mbwa wako nyumbani kutoka kwa daktari wa mifugo. Asubuhi alifungwa uzazi na sasa, jioni, amejikunja pembeni, hataki kula wala kutikisa mkia. Watoto wamemzunguka wakiuliza kama atakufa. Msomaji, hapo ndipo wengi hukimbilia kabati la dawa.

Usithubutu. Brufen yaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, nayo Panadol humdhuru ini. Mwili wa mbwa haumudu dawa hizi kama wetu. Na ikiwa unafuga paka pia, jihadhari zaidi, kwani tembe moja tu ya Panadol yaweza kumuua.

Si kwamba mbwa haumwi. Amepasuliwa tumbo na kutolewa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia. Mwanamke akifanyiwa hivyo hospitalini hulazwa na kuuguzwa, ilhali mbwa hurudishwa kwa gari siku hiyo hiyo. Wapo wanaoshikilia kwamba kwa kuwa halii, hana uchungu. Huo ni upuuzi. Mbwa huficha maumivu. Mtazame kama anahema kwa kasi na hali hakuna joto, anatetemeka, amekunja mgongo, au anainuka kila mara kwa kukosa jinsi ya kulala. Usingizi mzito usiku wa kwanza huletwa na nusukaputi, lakini ukipita saa 24 mrudishe kwa daktari.

Kabla ya kuondoka kliniki, uliza: Je, amedungwa sindano ya maumivu? Nitapewa dawa za siku ngapi? Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Zipo dawa za mbwa hasa, kama vile kaprofeni na meloksikamu, ambazo hupimwa kulingana na uzito wake na hupewa pamoja na chakula. Usiazime zilizobaki kwa jirani. Akitapika, akihara au akienda choo cheusi, acha kumpa na umpigie daktari simu.

Kupumzika nako ni dawa. Kwa siku 10 hadi 14 asiruke, asipande ngazi, wala asioshwe. Mwambie bawabu mapema, maana ni yeye atakayemfungulia usiku azunguke ua kama kawaida. Alale ndani, hata kama ni jikoni. Ili asirambe mshono, avishwe ule ukosi wa plastiki mfano wa faneli. Ukikosekana, fulana kuukuu ya mtoto husaidia.

Kagua jeraha asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo si neno. Usaha, harufu mbaya au damu isiyokoma ni neno. Mfunue mdomo pia utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, huenda anavuja damu ndani ya tumbo, na hapo usingoje kupambazuke.