Vyungu vya akina mama vilivyoyashinda mabasi ya Montgomery

NAULI ya matatu inapopanda asubuhi bila onyo, sote tunajua kinachofuata. Abiria mmoja atanung'unika, wa pili atailaumu serikali, wa tatu ataapa kwamba kuanzia kesho atatembea kwa miguu. Lakini makanga akinyosha mkono, kila mmoja hutia wake mfukoni akalipa. Kufikia jioni, yamesahaulika.

Hasira tunazo tele. Tunachokosa ni nini?

Jibu moja liko mbali na hapa, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Huko, kati ya Desemba 1955 na Desemba 1956, watu weusi walikaa siku 381 bila kupanda basi, na mwishowe wakashinda.

Wakati huo, viti 10 vya mbele katika kila basi vilikuwa vya Wazungu. Mtu mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, kisha mara nyingi akaamriwa kushuka na kuingilia mlango wa nyuma. Wazungu wakizidi, alitakiwa kuwapisha hata kiti alichokalia nyuma ya vile 10. Haya yote yakitendeka, weusi ndio waliokuwa takriban robo tatu ya abiria.

Desemba 1, 1955, Bi Rosa Parks, mshonaji nguo wa umri wa miaka 42, alikataa kusimama ampishe Mzungu. Akakamatwa. Wengi wetu tumesimuliwa kwamba mama huyo alikuwa amechoka tu kwa kazi ya siku nzima, na kwamba mji ukawaka moto papo hapo. Hadithi hiyo ni tamu, lakini imeacha nje sehemu kubwa ya mambo.

Walikuwa tayari

Bi Parks hakuwa mgeni katika harakati. Tangu 1943 alikuwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Miezi michache kabla ya kukamatwa, alikuwa amehudhuria mafunzo ya wanaharakati katika shule ya Highlander, jimbo la Tennessee.

Tena hakuwa wa kwanza kukatalia kiti chake. Machi 2 mwaka huo huo, msichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekataa pia, naye polisi wakamtoa ndani ya basi kwa nguvu. Viongozi waliitafakari kesi yake, wakaamua kungoja. Miongoni mwa sababu zao ni umri wake mdogo.

Naye Bi Jo Ann Robinson, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Alabama State, aliongoza chama cha wanawake kilichoitwa Women's Political Council. Mnamo Mei 1954 alikuwa amemwandikia meya wa mji barua ya kumwonya kwamba watu walikuwa wakizungumzia kuyasusia mabasi. Meya hakufanya la maana.

Basi habari za kukamatwa kwa Bi Parks zilipomfikia, Bi Robinson hakuitisha kikao cha kuuliza kifanywe nini. Usiku huo huo aliingia chuoni na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakarudufu makumi ya maelfu ya vikaratasi hadi alfajiri. Ijumaa vilisambazwa mji mzima. Jumatatu, Desemba 5, mabasi yalipita karibu matupu.

Jioni hiyo watu walifurika katika kanisa la Holt Street, wakaamua kuendelea. Mchungaji aliyechaguliwa kuwaongoza alikuwa na miaka 26 pekee. Jina lake Martin Luther King.

Kazini mtafikaje?

Kumwambia mtu asipande basi ni jambo la dakika moja. Shida ni asubuhi ya pili, na ya tatu, wakati mama anayefanya kazi ya nyumbani upande wa pili wa mji anapotazama saa na kujiuliza atafikaje.

Mwanzoni, madereva wa teksi weusi waliwabeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Wakuu wa mji wakawakumbusha sheria iliyosema teksi haiwezi kutoza chini ya senti 45. Hapo viongozi wakatafuta ushauri kwa wenzao wa Baton Rouge, Louisiana, waliokuwa wamesusia mabasi mwaka 1953 na kubebana kwa magari yao wenyewe.

Montgomery ikaiga na kupanua. Magari yapatayo 300 yalitolewa, vituo vya kuchukua na kushusha abiria vikapangwa, na makanisa yakanunua magari makubwa zaidi. Kampuni za bima za Marekani zilipojiondoa, bima ikatafutwa London. Hata baadhi ya wake wa Kizungu walikwenda wenyewe kuwachukua wafanyakazi wao wa nyumbani kwa gari, jambo lililomuudhi meya sana. Na waliokosa gari walitembea.

Chama kisichotoka popote

Magari hayaendi kwa maombi. Petroli, matengenezo na mishahara ya madereva vilihitaji maelfu ya dola kila mwezi. Hapa ndipo anapoingia Bi Georgia Gilmore, mpishi, mkunga, na mama wa watoto sita.

Bi Gilmore aliwakusanya wanawake wenzake, wengi wao wapishi na wafanyakazi wa nyumbani, wakawa wanapika kuku wa kukaanga, keki na pai za viazi vitamu na kuuza. Fedha walizipeleka kwenye mikutano ya kanisani. Kundi lao waliliita Club from Nowhere, yaani Chama Kisichotoka Popote. Jina hilo lilikuwa ngao. Aliyeuliza fedha zimetoka wapi alijibiwa kweli tupu: hazikutoka popote. Hivyo mama aliyechanga hakufutwa kazi, na hata Mzungu aliyenunua keki hakutajwa.

Upande mwingine wa mji Bi Inez Ricks akaanzisha kundi lake, na makundi hayo mawili yakashindana ni lipi litaleta zaidi. Anayejua vyama vya akina mama vya hapa kwetu hahitaji kuelezwa ushindani huo una nguvu gani.

Kutoka dogo hadi kubwa

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba mwanzoni hawakudai ubaguzi wa mabasini uondolewe wote. Waliomba adabu kutoka kwa madereva, kila mtu akae alipofika bila kuondolewa, na madereva weusi waajiriwe katika njia zenye abiria weusi wengi. Wakuu walikataa hata hayo. Ndipo, Februari 1, 1956, wakili Fred Gray akafungua kesi ya kupinga sheria yenyewe. Msichana Claudette, aliyewekwa kando mwaka uliotangulia, alikuwa miongoni mwa wanawake walioshtaki.

Gharama haikuwa ndogo. Januari 30 nyumba ya King ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, ingawa hawakuumia. Karibu watu 90 walishtakiwa kwa kuongoza mgomo. Bi Gilmore alitoa ushahidi katika kesi ya King, akafutwa kazi. King akamtia moyo apike na kuuza nyumbani kwake, na meza yake ikawa mahali pa viongozi kula na kupanga mambo.

Novemba 13, 1956, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba ubaguzi ule ni kinyume cha katiba. Siku hiyo hiyo korti ya Alabama ilipiga marufuku yale magari ya kubebana. Hivyo watu wakatembea mwezi mmoja zaidi, hadi amri ya mahakama ilipofika mjini. Desemba 21 walipanda basi na kukaa walipotaka.

Ushindi haukuwafuta machozi wote. Mabasi yalipigwa risasi, makanisa yakalipuliwa. Bi Parks alikuwa amepoteza kazi yake, na mwaka 1957 yeye na mumewe wakahamia Detroit.

Tujifunze nini? Anayetaka kuwaunganisha wakazi wa mtaa wake kudai maji au taa za barabarani asianze na hotuba. Aanze na maswali ya nyumbani: nani anajulikana na kuaminiwa na majirani? Tukigoma, watu wataishije keshokutwa? Fedha zitatoka mifukoni mwetu au kwa mtu atakayetaka kutuamuru? Tutakutana wapi kila wiki ili moyo usipoe? Hasira huwasha moto, lakini kuni lazima ziwe zimekatwa mapema.

Bi Gilmore alifariki Machi 1990. Alikuwa akiwapikia watu waliokuja kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery. Chakula hicho ndicho jamaa zake walichowaandalia waliokuja kumlilia.