Binti wa Mara Nyuma ya Kamera (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulipitia sheria. Tuliona kuwa kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichotokana na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinamlinda binti aliye chini ya miaka 18 asikeketwe, na kwamba aliyevuka umri huo ameachwa mikononi mwa ukoo. Leo tuziangalie filamu, kwa kuwa wengi wa mbali waliozifahamu Tarime na Serengeti hawakuzifahamu kwa kusoma vifungu. Waliziona kwenye skrini.

Filamu iliyozitangaza sana wilaya hizi ni In the Name of Your Daughter ya mwaka 2018, kazi ya mwanahabari Giselle Portenier wa Canada. Ilipigwa Mugumu, kwenye nyumba salama iliyoongozwa na Rhobi Samwelly. Mama huyu amesimulia hadharani kwamba alikeketwa akiwa msichana mdogo, akavuja damu nusura afe, na kwamba kabla yake rafiki yake alikwishapoteza maisha kwa sababu hiyohiyo.

Kwa asiye mwenyeji, ukeketaji kwetu huenda na msimu. Wazee wa mila wa kila koo hutangaza, kwa desturi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kazi hufanyika Desemba shule zikiwa zimefungwa. Ndipo mabinti wanapotoroka usiku kwenda polisi, kanisani, kwa mwalimu, au katika kituo cha Masanga upande wa Tarime. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, kutoka asilimia 32 katika utafiti wa 2015-16. Tumepunguza, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

Katika filamu hiyo, sehemu ninayoiona nzito kuliko zote si ile ya kukimbia. Ni ile ya kurudi. Msimu ukiisha, wazazi huitwa mezani, polisi na ustawi wa jamii wakiwapo, waahidi kwa maandishi kwamba binti akirudi hataguswa. Wako wanaokubali. Wako wanaogoma, kwa sababu hesabu ya ng'ombe ilikwishapigwa: aliyekeketwa huleta mahari kubwa, na mahari hiyo ndiyo itakayomwolea kaka yake mke. Kamera ikitulia pale mezani, mtazamaji anaona jinsi mapenzi ya baba kwa mwanawe yanavyobanwa na zizi. Vijana wanaotaka kutengeneza filamu waisome sehemu hiyo kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha mtihani. Hakuna kisu hata kimoja kinachoonekana mezani, na bado kila kitu kinaamuliwa hapo.

Lakini liko jambo linalonikosesha raha. Je, binti wa miaka 12 aliyetoroka kwao anaweza kweli kutoa ridhaa ya sura yake kuonekana dunia nzima? Leo atasema ndiyo, tena mbele ya mgeni aliyemtendea wema. Miaka kumi baadaye ana mchumba, ana wakwe, ana kazi ya ualimu katika kijiji cha jirani, na picha ile imo kwenye simu za watu. Ridhaa ya mara moja haitoshi. Mtoto aulizwe kabla ya kupigwa picha, aulizwe tena baada ya kuiona kazi, na akikataa, kazi ikatwe hata kama ndiyo sehemu tamu. Zipo njia: kupiga kwa nyuma, kupiga mikono, kubadili sauti, kumwacha mtu mzima asimulie yaliyompata utotoni. Mtengenezaji mgeni anaweza kuondoka bila kuonja matokeo ya uamuzi wake. Wa kwetu atakutana nayo mnadani.

Ndiyo maana namweka Beryl Magoko mbele ya wengine. Ni binti wa Kikurya wa upande wa Kenya, watu wale wale waliogawanywa na mpaka wa Sirari. Akiwa mwanafunzi wa filamu katika Chuo Kikuu cha Kampala, alirudi kwao na kamera akatengeneza The Cut, iliyotoka mwaka 2012. Baadaye alikwenda kusoma mjini Cologne, Ujerumani, na huko akatengeneza In Search ya mwaka 2018. Safari hii aliye mbele ya kamera ni yeye mwenyewe. Alikeketwa akiwa mtoto. Sasa ni mtu mzima, amesikia kuna upasuaji wa kurekebisha, na hajui aufanye au auache. Anazungumza na wanawake wengine waliopitia njia hiyo. Anarudi kwa mama yake.

Hapo ndipo palipo na tofauti kubwa. Swali la mtoto kwa mama yake halihitaji mkalimani, wala haliishi kamera ikizimwa. Mama hawezi kumjibu bintiye kwa maneno yaliyozoeleka kwenye semina, na binti hawezi kumhukumu mama kisha akapanda ndege kana kwamba hawajuani. Filamu ya namna hiyo inachelewa kutoa hukumu kwa sababu aliyeitengeneza ataendelea kuwa mtoto wa mtu.

Si kwamba ujana peke yake unatosha, au kuzaliwa mahali. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa na miaka 81 alipotoa Moolaadé mwaka 2004, kisa cha mama anayewahifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa kwa kufunga kamba tu mlangoni. Wazee wa kijiji wanaogopa kuikata kamba ile, kwa hiyo wanazigeukia redio za wanawake na kuzichoma moto. Mzee yule aliijua sana jamii ya kijijini: walichokihofia wazee hawa ni wanawake kusikia sauti kutoka nje.

Kuna kasoro nyingine ambayo hata filamu nzuri hazijaiponya. Mwanamke wa Mara akionekana kwenye skrini, karibu kila mara yupo chini ya wembe. Filamu ya Binti ya Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021 na kuingia Netflix, imewachukua wanawake wanne wa Dar es Salaam na mambo yao: deni, mchumba anayepiga, ujauzito usiokaa, mtoto mwenye mahitaji maalumu. Nani atafanya hivyo kwa mama anayebeba ndizi kwenda soko la Tarime mjini, au wanaookota mawe ya dhahabu Nyamongo?

Ichukue nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hulipa ng'ombe akaoa binti, binti akazaa, na watoto wakahesabiwa wa nyumba ya mama yule. Waandishi wa kigeni wameisifu kama uhuru wa wanawake wasiotaka kuishi na mume. Wako waliopata utulivu humo, ni kweli. Wako pia mabinti walioolewa wadogo kwa sababu ng'ombe walihitajika kwao, na baba wa watoto anayejitokeza baadaye kudai damu yake. Filamu moja ndefu inaweza kukaa ndani ya boma kama hilo mwaka mzima bila kuishiwa.

Kisha filamu ionyeshwe wapi? Pangani wametutangulia. Shirika la UZIKWASA lilitoa filamu za Aisha mwaka 2015 na Fatuma mwaka 2018, likazipeleka vijijini na kuwaacha watu wajadili, huku redio yao ya Pangani FM ikiendeleza mazungumzo. Sisi tuna vibanda umiza karibu kila senta, na vijana waliokua wakimsikiliza Lufufu akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Tuwatumie wasimuliaji wa namna hiyo, kwa Kikurya, bibi asiyejua Kiswahili aielewe na abishane nayo.

Fedha zipo karibu kuliko tunavyodhani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha mabinti kinaweza kuombea kamera, maikrofoni nzuri na kompyuta ya kuhariria, kikafanya marejesho kwa kupiga harusi na sendofu. Vifaa vikiwa vyao, hawatamsubiri mfadhili aseme filamu ihusu nini. Kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, na jinsi ya kukiomba, tutakieleza katika sehemu ya tatu.